Simu Kutoka Kimaka

Nilizaliwa kambini, na lugha ya kwanza kuingia masikioni mwangu ilikuwa Kiswahili cha askari. Mama alitoka Teso, baba ni Mwacholi; bila Kiswahili wasingeelewana hata kuhusu chumvi. Baba alikuwa dereva jeshini. Alipostaafu tulihamia Walukuba, hapo Jinja, kwenye nyumba zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Huko ndiko nilikotambua kwamba lugha yetu inatisha watu. Nikimwita rafiki yangu kwa Kiswahili, mama yake alikuwa akichungulia dirishani kwanza kuona ni askari gani amekuja. Watu wazima wa Uganda wanaokumbuka miaka ya utawala wa wanajeshi waliamriwa kulala kifudifudi kwa lugha hiyo. Mimi nilikuwa mtoto, sikujua hayo, nilichukia tu kuogopwa.

Sasa ninafundisha kemia katika shule moja ya sekondari Mbale na nimepanga chumba Namakwekwe. Usiniulize nimeomba ufadhili wa masomo ya nje mara ngapi. Nilitaka kusomea maji, namna ya kuyapima na kuyasafisha, kwa sababu nimekulia karibu na mto mkubwa na bado tulikuwa tunaharisha kila mvua ikinyesha. Niliandika insha za kujieleza mpaka nikajichoka mwenyewe. Hawa wafadhili wana mambo: wanataka uwaeleze shida zako zote, lakini kwa uchangamfu, kama mtu anayesimulia harusi.

Safari hii nilifika mbali kuliko siku zote. Ufadhili ulikuwa kamili: ada, nauli, chakula, mahali pa kulala. Nilipita mchujo wa kwanza, kisha nikahojiwa kwa video. Nilikaa stoo ya maabara, maana ndiyo sehemu pekee shuleni ambako intaneti haisumbui, na mzungu mmoja mwenye sauti ya upole akaniambia majibu yangu yamempendeza. Kilichobaki ni barua za wadhamini wawili. Mmoja ni mhadhiri wangu wa zamani, naye alituma yake upesi. Wa pili lazima awe mwajiri wangu wa sasa, yaani mkuu wa shule. Na mwaka huo ulikuwa wa mwisho kwangu. Hawapokei mtu aliyevuka umri fulani, na mimi nilikuwa naugusa.

Mkuu wa shule ni Mgisu, mtu mzima, mtulivu, anayevaa tai hata siku za joto. Alikubali mara moja. Tuliketi pamoja ofisini kwake akafungua kiungo walichomtumia kwenye barua pepe, akaandika jina lake na cheo chake, akasoma maswali yao akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema aachiwe nafasi ayajibu vizuri, maana mimi si mtu wa kuandikiwa harakaharaka. Nilitoka pale nikitabasamu. Baada ya hapo kukawa na mazishi kwao Bududa, kisha wakaguzi, kisha umeme ukakatika. Hakuna aliyenikatalia, mambo yalikuwa yanakwenda kama yanavyokwenda siku zote, kwa kesho na kesho kutwa.

Baba alikuwa akipiga simu kila jioni.

“Mutoto yangu, ile barua imefika wapi?”

“Bado, Baba. Mukubwa ya shule iko nazungusha mimi.”

Nilisema hivyo kwa uchovu, kama mtu anavyolalamikia mvua. Sikumaanisha kitu. Lakini baba yangu alitumia maisha yake yote mahali ambapo kitu kikikwama, unamtafuta mtu mwenye cheo, naye akisema neno moja kinakwamuka. Hivyo ndivyo alivyompatia mama kitanda hospitalini. Hivyo ndivyo mimi mwenyewe nilivyopata nafasi shuleni. Kwake yeye hiyo si hongo wala vitisho, ni namna ya kupendana.

Kesho yake alipiga mchana, mapema kuliko kawaida yake, sauti imechangamka.

“Mimi nilienda Kimaka kuona afande. Nilikaa pale geti mpaka akatoka. Amepigia hiyo mukubwa yako simu. Sasa ataandika mbio. Wewe tulia tu.”

Afande huyo alikuwa bosi wake wa zamani, ambaye baba alimwendesha kwa miaka mingi, na sasa anafundisha maafisa huko Kimaka, kwenye chuo cha jeshi. Namjua. Nilipokuwa mdogo alikuwa akituletea biskuti. Siku hizi ni mzee wa kisukari anayelalamikia miguu. Nilicheka, nikamwambia baba asante, nikarudi darasani. Nakumbuka nilicheka.

Mkuu wa shule hakunipokea siku hiyo. Wala iliyofuata. Nikimwona uwanjani alikuwa anageuza njia. Hatimaye nikaenda nikasimama mlangoni kwake mpaka akaniambia niingie na nifunge mlango. Siku zote sisi wawili tunazungumza Kiingereza, na alizungumza Kiingereza chake cha polepole.

“Mwalimu, nilipigiwa simu na afisa wa jeshi. Alizungumza Kiswahili. Akasema huyu binti ni mtoto wetu, bwana, tunaomba umalize kazi yake.”

Nikaanza kueleza. Akaninyamazisha kwa kiganja.

“Waliokuja kumchukua baba yangu nao walikuwa na adabu. Walimwita bwana. Walisema, bwana, tunaomba uje kidogo. Nilikuwa nimesimama pale na kaptula ya shule. Hatukumwona tena, wala hatukupewa mwili.”

Nilimweleza kwamba afande ni mzee tu, mgonjwa, rafiki wa baba, kwamba alidhani anasaidia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema anaamini kila neno langu, na hawezi. Akiandika, jina lake litakaa pamoja na majina ya wanajeshi, na siku moja watakuja kudai jambo lingine. Asipoandika watakuja kuuliza kwa nini. Kwa hiyo ameamua kutogusa kabisa.

“Waambie watu wako kompyuta yangu iliharibika,” akasema. “Tafadhali, Mwalimu. Waambie hivyo.”

Alikuwa ananiomba. Mtu mwenye saini niliyoihitaji kuliko kitu chochote duniani alikuwa ananiomba nimtetee kwa baba yangu. Mimi sikulelewa kupiga magoti. Kwetu kambini watoto wa kike tulisalimu tukiwa tumesimama wima, na huku Mbale, ambako wanawake husalimu kwa kupiga magoti, nilikuwa nikisemwa sana kwa hilo. Siku hiyo nilipiga magoti kwenye sakafu ya ofisi. Akanishika mkono akaniinua, mkono wake baridi, akasema nisimfanyie hivyo. Nikatoka.

Niliwaandikia wafadhili nikiomba kubadilisha mdhamini. Wakajibu kwa upole uleule kwamba mdhamini akishafungua kiungo hawezi kubadilishwa. Kila nikipata nafasi kati ya vipindi nilikuwa nafungua ukurasa wangu kwenye simu. Wa kwanza: imepokelewa. Wa pili: inasubiriwa. Siku ya mwisho ya kupokea barua, mtandao wao ulifungwa mchana wakati nikisimamia mtihani wa kidato cha nne. Nilijua saa imefika kwa sababu nilikuwa nikiitazama ile ya ukutani, na watoto wameinama, wanaandika. Sikulia. Nilihisi nimekwisha, basi. Mtoto mmoja akanyoosha mkono kuomba karatasi nikampelekea.

Nikakaa na hasira siku kadhaa, na hasira hiyo haikuwa na pa kwenda. Mkuu wa shule nitamchukiaje? Afande nitamchukiaje? Ikabaki kwa baba peke yake. Nikapanda gari kwenda Jinja nimeshapanga maneno: ni wewe, Baba. Ni wewe na simu zako na maafande wako. Maisha yangu yote watu wamenikimbia kwa sababu yenu, na sasa mmenifunga mlango wa mwisho. Niliyarudia njia nzima, midomo ikicheza, mpaka mama mmoja kando yangu akaniuliza kama ninasali.

Nilimkuta ameketi nje na jirani yake, askari magereza mstaafu. Aliponiona alisimama kwa shida, akamwambia jirani, “Huyu ndiye ile professa naenda Ulaya.” Kumbe alishatangaza mtaa mzima. Jirani akanipa pongezi, akaondoka kutupisha. Baba akaniletea kiti chake mwenyewe, yeye akakaa kwenye ndoo.

“Kula kwanza,” akasema.

“Baba, sikupata.”

Akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu. Uso wake ukalegea, akawa mzee ghafla, na maneno yangu yote ya garini yakanikwama. Ningemwambia nini? Kwamba alingoja juani getini, na magoti yake yale mabovu, kunivunjia maisha?

“Nani amekataa?”

“Hakuna mutu. Kompyuta ya mukubwa iliharibika.”

Akainamisha kichwa, akasugua magoti. Nikasikia anapumua kwa pua kama anavyofanya akitafuta njia. Kisha akanipiga bega taratibu.

“Tulichelewa. Hiyo ndiyo shida,” akasema. “Mwaka kesho tutaanza mapema. Afande atapiga simu kwanza, mbele ya wewe kuandika kitu. Siyo?”

“Sawa, Baba,” nikasema. “Tutaanza mapema.”