Shamba la Mke Wangu

Harufu ya rangi ya mafuta hunirudisha kwenye mwezi wa mwisho wa masika, nilipokuwa darasa la tano. Ukungu ulikuwa bado umelala bondeni, na tuliinusa rangi kabla ya kuwaona walioibeba. Walikuwa wanaume watatu, wawili wakiwa na viatu vya mpira na mmoja na kopo la rangi nyekundu. Walipanda taratibu kando ya kijito, na kila baada ya hatua kadhaa yule wa kopo alichora msalaba juu ya jiwe. Mama alikuwa ameinama kwenye tuta la karoti. Aliinuka, akafuta mikono kwenye kanga, akawasalimia. Walimjibu vizuri tu. Waliomba maji ya kunywa, nikawaletea, wakanywa, wakashukuru, kisha wakachora msalaba kwenye jiwe lililokuwa chini ya shamba letu, wakaendelea kupanda. Mama alisubiri waishie nyuma ya migomba ndipo akasema, “Wametuweka ndani.” Sikuelewa ndani ya nini. Kabla ya jioni kijiji kizima kilikuwa kinajua: mashamba yote yaliyo upande wa juu wa mawe yenye misalaba myekundu yatarudishwa msituni ili kulinda chanzo cha maji, na wenye mashamba hayo watapewa mengine bondeni, kwenye eneo la wazi upande wa barabara.

Shamba letu halikuwa kubwa. Lilikuwa ngazi kumi na mbili zilizokatwa kwenye mteremko wa Uluguru, na juu kabisa palikuwa na migomba, chini karoti, katikati njegere na kabichi. Udongo wake ulikuwa mweusi na baridi hata saa sita mchana. Mama alipewa na bibi, na bibi alipewa na mama yake, kwa kuwa kwetu ardhi hufuata ukoo wa kike, tunaouita lukolo. Baba alitoka ng’ambo ya kilima, akaja kuoa. Alilima shamba lile kwa nguvu zake zote, lakini hakuwahi hata siku moja kusema ni lake. Akitaka kukata mkungu wa ndizi, alimwambia mama kwanza, na ndugu wa mama walimtania kwa hilo kila walipopata nafasi. “Shemeji, ndizi hiyo umeiombea ruhusa?” mmoja alikuwa akipaza sauti kutoka njiani. “Nimeomba, nimepewa, na wewe njoo uombe,” baba alikuwa akijibu, nao wakicheka mpaka wapotee kwenye kona. Baba hakuona aibu. Kwake ule ulikuwa uungwana wa mtu anayejua alipofikia, na aliuvaa kama shati la Jumapili.

Mkutano uliitishwa Jumamosi, kwenye darasa letu wenyewe. Tangazo lilisema waje wakuu wa kaya. Wanaume walikaa kwenye madawati yetu, magoti yakigusa videvu, na wanawake walisimama nyuma na dirishani. Mimi nilikuwa dirishani, mbele ya mama. Aliyeongoza kazi ya kuandika alikuwa kijana mmoja mwenye miwani, mtaalamu kutoka mjini, mwenye sauti ya upole na karatasi nyingi. Kando yake alikaa mwenyekiti wa kijiji, mtu wa kwetu kabisa, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka yetu. Majina yaliitwa moja moja, na kila mwanaume alisimama akaeleza shamba lake liko wapi. Zamu ya baba ilipofika, alivua kofia.

“Shikamoo mzee. Shamba lako liko wapi?”

“Marahaba, mheshimiwa. Mimi sina shamba huku. Nimeoa.”

Darasa zima likacheka. Hata mtaalamu alicheka.

“Kuoa umeoa, mzee, hongera. Lakini unalima wapi?”

“Nalima kwa mke wangu.”

“Shemeji amelowea!” mtu akapiga kelele kutoka dawati la nyuma, na kicheko kikaanza upya. Baba naye alikuwa anacheka. Alifurahi kwamba amelisema jambo kwa adabu mbele ya wakwe zake. Nilimwona mtaalamu anaandika, kalamu ikienda upesi, maneno machache tu, kisha akaita jina lililofuata. Mwenyekiti, aliyeijua mila ile kama anavyolijua jina lake, alikuwa bado anajifuta machozi ya kucheka. Hakumweleza mgeni wake kitu. Nimemfikiria sana mtu yule tangu hapo, na siamini kwamba alikuwa na nia mbaya. Nadhani aliona kila mtu anajua, akasahau kwamba anayeandika hajui.

Mama ndiye aliyeshtuka. Alinyoosha mkono, akauweka juu kwa muda mrefu, mwisho akasema bila kupewa nafasi, “Naomba liandikwe jina langu. Shamba ni la kwetu. Mimi ni Veronika.” Mtaalamu alimtazama kwa heshima. “Mama, subiri kidogo, tunamaliza wakuu wa kaya kwanza. Akina mama mtapata nafasi yenu.” Lakini mawingu yalikuwa yameshaziba kilele, na dereva wa mtaalamu alikuwa anapiga honi, kwa kuwa barabara ile ikilowa gari haishuki. Karatasi zikafungwa. Mwenyekiti akatangaza kwamba maoni yote yamepokelewa.

Wiki mbili baadaye muhtasari ulibandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Mama na baba walijua kusoma, lakini maandishi yalikuwa madogo na macho yao hayakuwa ya karatasi za namna hiyo, kwa hiyo walinichukua mimi. Nilisoma kama nilivyofundishwa, kwa sauti na kwa kufuata vituo. Nilipofika kwenye jina la baba nilisoma: “Mkuu wa kaya amekiri kuwa hana shamba katika eneo husika.” Baba akasema, “Rudia.” Nikarudia. “Tafuta Veronika,” mama akasema. Nilipitisha kidole kutoka juu mpaka chini, kisha nikainua pembe ya karatasi kuangalia kama kuna maandishi nyuma. Hakukuwa na Veronika. Kulikuwa na mstari wa mwisho tu, nao ulisema wananchi wote waliafiki kwa kauli moja. Wakati wa kurudi baba alitangulia mbele peke yake, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Nyumbani alikaa kwenye kizingiti na kusema, “Nimewaponza.” Mama alimwambia, “Ulisema kweli. Ungesema ni lako, kaka zangu wangekurudisha kwenu siku hiyo hiyo.” Alijaribu kucheka. Baba hakucheka.

Mama alishuka mjini mara tatu kufuatilia. Alikwenda na tenga la mboga kichwani, auze sokoni kwanza, kisha aende ofisini akiwa na tope miguuni. Mara ya kwanza aliambiwa aje na mwenyekiti. Alipokuja na mwenyekiti, waliambiwa faili limepelekwa kwingine, na kwamba anayetakiwa ni mume. Mara ya tatu baba alikwenda naye, na mimi nikawa nimebeba kapu dogo la njegere. Aliyekuwa mezani siku hiyo alikuwa mtu mwingine, mwenye haraka. Baba alieleza polepole, kuanzia bibi. Yule bwana alifungua karatasi, akasoma, akainua macho. “Mzee, mkutanoni ulisema huna shamba. Leo unalo. Sasa nikushike kwa lipi?” Watu waliokuwa kwenye benchi waligeuka kumtazama baba. Alivua kofia, akasema, “Si langu. Ni la mke wangu,” na yule bwana akafunga faili akasema, “Basi, tumeelewana.”

Tulitoka shambani kabla karoti hazijakomaa. Mashamba ya bondeni yaligawiwa kwa kufuata karatasi. Mmoja wa waliopata alikuwa jirani aliyetoka mbali, ambaye huku juu alikuwa akiazima ngazi mbili tu kwa mjomba. Siku ya kuandikwa alisema, “Langu liko pale,” na ikawa hivyo. Alikuja kwetu akiwa ameinamisha kichwa, akamwambia mama, “Dada, nusu limeni nyinyi.” Mama alimshukuru, na tangu mwaka huo analima mahindi na ufuta kwenye ardhi ya kuazima, yeye aliyezaliwa mwenye ardhi, kwa mtu aliyekuwa akiazima kwao.

Leo ninaishi Morogoro mjini. Maji ya bombani kwangu yanatoka kule mlimani, siku yanapotoka. Siwezi kusema uongo: miti imeota kwenye ngazi zetu, na kijito hakikauki tena kiangazi. Mama mwenyewe hakatai. “Wangeniomba ningewapa,” aliniambia, “lakini hawakuniomba mimi.” Nasikia watu wengi wakilalamika, mjini na vijijini, kwamba wakubwa hawasikilizi. Kwa niliyoyaona, tulisikilizwa, tena kwa upole. Ila kilichoandikwa hakikuwa tulichosema, na kilichoandikwa ndicho kilichotuhamisha.

Mwaka huu nilikwenda na wazazi wangu kwenye mkutano wa kijiji. Kuna mpango mwingine wa kupima ardhi, safari hii bondeni, na jirani yetu alitaka ile nusu iandikwe kwa mama. Mama alisimama na kusema hoja yake kwa kifupi. Mtendaji wa kijiji, kijana wa umri wangu aliyekuwa akiandika muhtasari, akasema, “Asante mama, imepokelewa, kaa.”

“Nisomee ulichoandika,” mama akasema.

Watu waliguna. Kijana alisoma kwa sauti ya chini: “Mama mmoja ametoa maoni kuhusu ardhi.”

“Huyo mama mmoja ana jina.”

“Mama, muda—”

“Muda ninao. Andika Veronika, andika ni nusu ya upande wa mto, halafu unisomee.”

Baba, mzee sasa, alikuwa ameshika kofia yake magotini. “Na mimi uniandike,” akasema, “kwamba ni la mke wangu.” Hakuna aliyecheka. Kijana aliandika yote mawili, akayasoma, na mama akakaa. Sijui kama nusu ile itakuja kuwa yake, maana karatasi bado zina safari ya kwenda mjini, na mjini nakujua. Lakini mkutano ulichelewa sana kwisha siku hiyo. Aliyesimama baada ya mama alisema neno lake, akabaki amesimama, akingoja kusomewa. Na aliyemfuata pia.