Begi la Evelina

Siku ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo alinikabidhi funguo za mabweni na daftari la wakazi, yaani orodha ya kila mwanachuo, kitanda chake na kijiji alikotoka. "Mama mlezi," akaniambia, "jina lisikusumbue. Soma kijiji, utajua wa kumchunga." Miaka yote niliyolea wasichana pale Kasulu, nilisoma kijiji kwanza.

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, msinicheke. Mimi mwenyewe ni mtoto wa shamba, wa Kitahana, na bado niliushika ushauri ule.

Evelina alitoka kijiji cha mpakani, upande wa Manyovu. Wenzake walitundika nguo kabatini siku ileile. Yeye begi lake lilikaa kitandani mwezi wa pili sasa, limefungwa kamba. Alikula harakaharaka, na hakwenda kwa mkufunzi kuuliza lolote. Nikajisemea, huyu ana lake jambo. Alama zake zilikuwa nzuri, nikazidi kumshuku.

Pasi ya bweni, ya kunyooshea nguo, ilipopotea, sikuhangaika na mwingine. Nilimsimamisha mbele ya wenzake.

"Fungua."

"Ego, mama," akaitikia ndiyo kwa lugha ya kwao, akafungua fundo.

Nguo chache, vyeti ndani ya nailoni, kikombe, na mahindi ya kukaanga. Pasi hakuna.

"Mbona hupangi vitu kabatini?"

"Kwetu tumehamishwa mara tatu, mama. Waliopanga vitu ndio walioviacha."

Niliona aibu, tena aibu kubwa, lakini pole sikuisema. Nilimwambia afunge, nikaondoka.

Mchana pasi ikaonekana nyumbani kwa Mkuu wa Chuo. Mkewe aliiazima bila kusema. Nikapanga kumwomba Evelina radhi kesho yake, baada ya chai. Asubuhi nilikuta kitanda kitupu, shuka la chuo limekunjwa vizuri. Hakuhitaji hata muda wa kufungasha. Hakurudi tena.

Sasa nimestaafu, niko Kitahana na shamba langu la maharage. Kushuku sijaacha, hata muuza mbegu namkagua mizani. Juzi mjukuu wangu alichaguliwa chuo, akaniletea fomu tuijaze pamoja. Tulipofika penye kijiji, nilimshika mkono.

"Andika Kibondo mjini."

"Kwa nini, bibi? Si tunaishi hapa?"

"Andika tu."

Sikumweleza. Namjua mama mlezi atakayelisoma lile daftari.