Nakala Tatu za Kadi

Karani wa masjala alikuwa ameshatia sahihi, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Wiki tatu nyuma mganga mkuu wa zahanati alimletea fomu ya kuruhusu kadi za karatasi zichomwe, naye akaisaini kwa mkono mmoja huku mwingine unatafuta kadi ya mgonjwa. Siku iliyofuata kadi za herufi A hadi K, mia sita na ushee, zikaingia kwenye tanuri la taka nyuma ya maabara. Fomu ilisema data zote zimeingizwa kwenye seva, zimefanyiwa bakapu, na nakala nyingine iko kwenye wingu. Katika maneno hayo alielewa "zote" na "nyingine". Yaliyobaki aliyapokea tu, kama mtu anayeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sasa fomu ya pili ilikuwa mezani kwake, ya L hadi Z, na ilitakiwa Ijumaa.

Tuambiane ukweli, mama huyu hakuwa mtu wa wasiwasi. Miaka kumi na tisa alikaa kwenye chumba kile cha dirisha moja, na watu walimwita Mama Kabati kwa sababu hata daktari hakugusa kabati lake bila kuulizwa kama amenawa mikono. Mgonjwa alikuwa akifika dirishani, kabla hajamaliza kusalimia kadi yake imeshatoka. Lakini tangu siku ya moshi ule hakutulia. Alisimama, akaketi, akafungua kabati lililo tupu upande wa A hadi K, akalifunga, kisha akalifungua tena kana kwamba kadi zingekuwa zimerudi zenyewe. Nyumbani alitia chumvi kwenye chai. Mumewe akainywa yote, maana anamjua mkewe, kisha akauliza taratibu kama kazini kuna msiba. Akamjibu kwamba amesaini kitu asichokijua. Mumewe akasema kuuliza si ujinga. Ni rahisi kwake kusema hivyo, yeye ni mpaka rangi, na rangi mtu anaiona kwa macho.

Jumatano asubuhi alifunga dirisha, akabandika karatasi ya kuomba radhi, akamwendea fundi wa kompyuta kwenye chumba chake cha nyaya. Fundi alikuwa baba wa watoto watatu, mpole, mwenye tabia ya kujibu huku anaangalia skrini.

"Mwanangu," akamwambia, "nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu."

Fundi akageuza kiti. Hilo lilimpa heshima kubwa machoni pa karani.

Akaanza na data. Alisema ni yale yale yaliyoandikwa kwenye kadi, jina, umri, ugonjwa, yakishaingia kwenye mashine. Database ndiyo kabati lake, ila kabati hili unaweza kulifungua kwa jina, kwa mwaka au kwa ugonjwa, na kadi ni ile ile. Karani akaona wivu kidogo. Seva je? Akaonyeshwa sanduku jeusi linalovuma pembeni, kompyuta isiyozimwa inayobeba kabati zima. Kompyuta nyingine za zahanati zinapiga hodi kwake kuomba kadi. Na ikiungua? Hapo ndipo bakapu inapoingia, akasema fundi, nakala ya pili kwenye diski iliyofungiwa ofisini kwa mganga mkuu, mbali na sanduku. Na wingu halina uhusiano wowote na mvua. Ni kompyuta za watu wengine, kwenye jengo la mbali, unazifikia kwa intaneti, na mlango wake unafunguliwa kwa neno la siri.

Karani alijaribu kila jibu kama anavyojaribu kitasa. Mwizi akija? Umeme ukikatika? Wewe ukihama kazi? Fundi alikuwa na jibu kila mara, na majibu yote yalikuwa ya kweli. Mama wa watu akaanza kupumua. Akabakiza ombi moja tu, aonyeshwe kadi mojawapo ya zile zilizochomwa.

Fundi akaandika jina, na kadi ikajitokeza kwenye skrini ikiwa na mwandiko wa karani mwenyewe, hata lile doa la wino. Moyo ulimjaa furaha kiasi kwamba aliona haya.

"Haya, igeuze," akasema.

"Nigeuze nini, mama?"

"Kadi. Dawa zinazomdhuru mtu tunaandika nyuma."

Fundi akabofya, akakuza picha, akaipunguza, akafungua kadi ya pili, ya tatu, ya kumi. Hakuna iliyokuwa na nyuma. Skana, ile mashine ya kupiga picha karatasi, ilikuwa na kitufe cha pande mbili, na wale vibarua wa wiki moja waliokodiwa kuzipitisha kadi hawakukibonyeza. Hakuna aliyewaambia kwamba kadi ina nyuma. Fundi akakimbilia diski ya mganga mkuu, akakuta ni mbele tu. Akafungua wingu, mbele tu. Nakala zote tatu zilifanana neno kwa neno.

"Bakapu ni nzima kabisa," akasema kwa sauti ndogo. "Tumehifadhi nusu mara tatu."

Karani alimkasirikia yeye, akamkasirikia mganga mkuu, akaukasirikia zaidi mkono wake wa kulia. Akaupeleka mkono huo, na fomu isiyosainiwa, hadi ofisini kwa mkuu. Mkuu akasema kosa ni la vibarua. Karani akamjibu kwamba vibarua hawakusaini popote. L hadi Z hazichomwi mpaka zipigwe picha upya pande zote mbili, naye atakuwepo. Mkuu akakubali.

Zikabaki zile mia sita. Bahati nzuri namba za simu huandikwa mbele. Alichapisha orodha, na mchana ule ule akaanza na bibi mmoja wa presha, ambaye miaka mingi nyuma alidungwa sindano akavimba hadi koo likaziba, akapona kwa tundu la sindano.

"Bibi, ni mimi karani wa zahanati. Ile dawa uliyokatazwa, unalikumbuka jina lake?"

Bibi akashangaa kuulizwa.

"Mwanangu, mimi nitalikumbukaje? Daktari aliniambia nisijisumbue nalo, limeandikwa kwako."