Injini baridi na safari ya Maman Furaha

Leo nimemkosesha jirani yangu mazishi ya mama yake.

Tulikuwa uwanja wa ndege wa Kavumu, asubuhi ya baridi kali. Ndege ndogo ya kwenda Shabunda, kwenye mazishi, iko pale, abiria wanapanda.

"Papa, twende!" akasema jirani yangu, Maman Furaha.

"Tulia, maman. Kwa baridi hii mafuta ya injini yamekuwa mazito. Watazungusha propela, wangoje ipate moto. Maliza chai yako."

Nilikuwa fundi wa ndege, na mnanijua nikianza kueleza.

Kumbe nilikuwa naeleza injini za zamani, zile za pistoni. Hii ni turbini! Hata kwenye baridi haichelewi. Chai haijafika nusu, mlango umefungwa, ndege inaondoka.

Tulikimbia tukipunga mikono. Ikaruka.

Hakunigombeza. Alikaa juu ya valizi yake ya nguo.

"Ingine iko wiki ijayo, Papa. Wanamuzika kesho. Mutoto wake iko mimi peke yangu. Basi unifasirie na hii: nani atamutupia udongo?"



Ninyi mngemjibu nini?