Nta Mikononi mwa Baba

Asifiwe Mungu aliye Mtakatifu, anayenivumilia hata uzeeni.

Jana nilisikia harufu ya mshumaa wa nta, nikawa mtoto tena kanisani Kwihara. Baba, mrina asali, alikuwa ametoka porini alfajiri ile, shati likinuka moshi. Katekista alikuwa ametufundisha habari za mtu aliyegusa Sanduku la Agano akaanguka, akafa. Na sasa, wakati wa matoleo, baba alikuwa akiielekea altare na bonge la nta ya mishumaa, hata kuoga hajaoga. Nilimvuta mama khanga.

"Mama, baba atakufa."

"Nyamaza wewe. Labda wafe wa benchi la mbele, kwa huo moshi."

Sikucheka. Baba alivua katambuga zake, akapiga magoti, akaiweka nta. Mikono iliyozoea kuingia kwenye mizinga bila wasiwasi ilikuwa inatetemeka.

Aliporudi nililishika shati lake nisiliachie.

"Baba, uliogopa?"

"Sana, mwanangu. Lakini ameniruhusu nifike."

Ewe usomaye, Mungu akujalie kutetemeka kule, na akuruhusu ufike.