Nyati Aliyeinua Mkia

Baba yangu alikuwa mhunzi kule milimani Kilolo, na kosa lake mbele ya sheria za Ulaya lilikuwa mkia. Sitanii.

Miaka ile ya hamsini akina mama hawakununua jembe lisilogongwa picha ya nyati, alama ya kiwanda kimoja cha Ulaya. Baba alifua majembe kwa springi za malori mabovu, magumu kuliko hayo yaliyoletwa kwa meli, lakini wakiyapindua wasione nyati, wanayarudisha chini. Basi akachonga muhuri wake. Kwake nyati alikuwa sehemu ya jembe, kama mpini. Hakujua kwamba picha nayo ina mwenyewe. Ila nyati wa Ulaya alishusha mkia, na baba, aliyewahi kukimbizwa na nyati aliyeinua mkia kule Ruaha, hakuvumilia uongo huo. Wa kwake akamwinua mkia.

"Huyo wao ni ng'ombe wa maziwa," alisema.

Siku moja likabandikwa tangazo barazani. Mimi niliyesoma misheni nikamsomea: alama ya nyati imeandikishwa Ulaya na katika nchi hii pia, ni marufuku kuuza bidhaa yenye alama inayofanana nayo, atakayekiuka atashtakiwa.

"Wamemwandikisha nyati?" baba akauliza. "Ulaya kuna nyati?"

"Hakuna, baba."

"Sasa huyu wetu wa Ruaha alikwenda lini kuandikishwa?"

Nilicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka. Aliufukia muhuri chini ya kihenge cha mahindi, na tangu siku hiyo majembe yake yakakaa bila mnunuzi.

Mchumba wangu alikuwa mwalimu wa kule Mbeya. Nilimpenda, nifiche nini? Na kwetu Wahehe mahari bila majembe haikamiliki. Siku ilipofika, mshenga wake akafungua gunia, akatoa majembe matatu mapya ya dukani Mbeya. Baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa karani wa baraza. Ndiye aliyelibandika lile tangazo, na tangu hapo alijiona mchungaji wa nyati wote duniani. Akavaa miwani, akapindua jembe.

"Mkia juu! Bandia hii! Mnatuletea bandia tuwape binti? Fungeni gunia lenu mrudi mlikotoka!"

Nilikuwa nimejificha nyuma ya mlango. Nikamchungulia baba, nikaona ameshayatambua. Yalipanda lori la mfanyabiashara kabla ya tangazo, yakaenda Mbeya, yakarudi nyumbani kuwa mahari yangu. Akisema, anajipeleka mahakamani. Akinyamaza, mimi sina mume.

Baba akakohoa. "Kaka, wageni hawana kosa. Hayo nimeyafua mimi."

Baba mkubwa akakaa chini taratibu.

"Ndugu yangu, mimi ni karani. Sheria imekataza. Nifanyeje?"

Hapo adabu ikanishinda. Binti haongei siku ya mahari yake, lakini mimi nilitoka.

"Shikamoo, baba mkubwa. Tangazo nimelisoma mwenyewe. Linakataza kuuza. Kwani leo hapa mnaniuza?"

Hee! Shangazi akaziba mdomo. Baba mkubwa akanitazama mimi, akatazama majembe, akamtazama mshenga. Akisema ndiyo, amekiri mbele ya wageni kwamba anauza mtoto. Akisema hapana, nyati hana kesi.

"Mahari si biashara," akasema mwishowe, akavua miwani. "Lakini huyo nyati afutwe."

Shangazi akapiga kigelegele. Baba akachukua tupa, akakaa uani kuwasugua nyati wake mmoja mmoja. Nilikuwa na furaha ya kuolewa, na bado iliniuma kumwona vile. Nilipoondoka alinipa jembe moja kati ya yale matatu.

"Nenda nalo. Halina jina, lakini litalima."

Nililima nalo Mbeya mpaka nikabadilisha mpini mara nne. Majirani walilipindua kama kawaida yao. "Hili mbona halina picha? La nani?"

"La baba," niliwajibu.

Ya kwao yalipovunjika kwenye mawe, wakaanza kuniagiza: "Ukienda kwenu, shoga, tuletee la baba."

Nikaenda Kilolo, nikamwambia baba kwamba Mbeya wanataka jembe la baba, lenye jina hilo hilo, bila nyati. Alinipa mgongo akaenda kuwasha moto.