Waliokataa Kula

Mimi nina hasira za karibu, sikatai, na ukitaka kuziona zote kwa mpigo, rudisha sahani yangu bila kuigusa. Napika kwenye mikutano ya wakubwa hapa Kigoma mjini. Nimelisha semina, harusi na misiba. Nimelisha watu waliogombana asubuhi nzima, na wote walipofika kwenye samaki wangu, migebuka ya mawese, walinyamaza. Kwa hiyo siku Warundi watatu walipokaa mbele ya chakula changu wamekunja mikono, damu ilinichemka.

Ulikuwa mkutano wa nchi nne zinazochangia ziwa letu: sisi, Congo, Zambia na Burundi. Walikuja kukubaliana namna ya kulifunga kwa miezi kadhaa kila mwaka ili samaki wazaane. Kulifunga kwenyewe hakukuwa na ubishi. Nenda ufukweni Kibirizi umuulize mvuvi yeyote, atakwambia samaki wamepungua. Wafadhili walikuwepo, makubaliano yalikuja yameshaandikwa, zilibaki sahihi tu, na wakubwa walikuwa na haraka ya kuwahi ndege.

Nilikuwa napeleka chai ukumbini nikasikia walichokuwa wanataka wale Warundi. Makubaliano yalisema chombo chochote kitakachokutwa kinavua kitachomwa moto. Wao wakaomba iongezwe sentensi moja: mtu wa mtumbwi mdogo, anayevua kwa ndoano karibu na ufuko, kitoweo cha nyumbani tu, aachwe. Mwenyekiti akasema hilo ni jambo dogo, litaangaliwa baadaye.

Nikaweka birika mezani. Mtu wa mtumbwi mdogo na ndoano ni baba yangu mzazi. Yuko kijijini kwetu, mpakani kabisa na Burundi, na tangu mama atutoke, ule mtumbwi ndio unaomwamsha asubuhi. Nimemwambia mara ngapi aje mjini akae na wajukuu, nitamlisha. "Mwanangu, kula nitakula," ananiambia. "Nikishakula nifanye nini?" Ukiuchoma ule mtumbwi umemchoma mwenyewe.

Mchana nikapakua. Kila mtu akajaza sahani yake, isipokuwa wale watatu. Nikawafuata kwa shari. "Kuna nini? Mmeona nzi?"

Mmoja wao alikuwa mwanamke wa rika langu. Akanijibu kwa upole kabisa. "Dada yangu, chakula chako kinanukia mpaka nameza mate. Lakini ukila kwa mtu umeshapatana naye. Sisi hatujapatana."

Hasira zikanitoka zote, maana kwetu Waha ni hivyo hivyo. Washenga wakija hawagusi kitu mpaka jambo lao lisikilizwe, na mwenyeji ambaye wageni wamegoma kula kwake hana pa kuficha uso. Ila sikuwahi kufikiria kwamba nchi nayo inaweza kugoma kula. Ukitazama ramani, kipande chao cha ziwa ni kidogo, na pesa za kumtisha mtu hawana. Lakini bila sahihi yao yale makubaliano yalikuwa karatasi ya kufungia maandazi, na walilijua hilo vizuri kuliko waliokaa viti vya mbele. Ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Mwenyekiti akaanza kuhangaika. Wafadhili wanatazama saa, wageni wake hawali, na kila mtu ukumbini anaona. Akanivuta pembeni.

"Mama, nyie Waha na hao si mnasikilizana lugha? Nenda kawabembeleze wale, hata kidogo tu. Wakishakula yatakwisha."

Nikaenda. Nikainama, nikatabasamu, nikasogeza bakuli la migebuka kama mtu anayebembeleza kweli, kisha nikawaambia kwa Kiha, ambacho mwenyekiti hakijui, "Baba yangu anavua kwa ndoano. Msile."

Yule dada akaniangalia. Akalirudisha bakuli katikati ya meza, taratibu, mwenyekiti akimwona.

"Nimewaomba sana, mzee," nikamwambia mwenyekiti. "Wamegoma." Jamani, niliogopa! Angejua nilichosema nisingepika tena mkutano wowote mji huu. Lakini moyoni nilikuwa nacheka kama msichana.

Kabla jua halijazama wakubwa wakalegea. Wakakubaliana kwamba nchi inayotaka kuwaachia watu wake wa ndoano iseme pale pale, na itakuwa kwa mwambao wake yenyewe. Warundi wakasema, ikaandikwa. Wajumbe wa kwetu nao wakaulizwa. Nilikuwa mlangoni na sinia la vikombe, nikabana pumzi. Wakajibu kwamba sisi hatuna haja ya kuomba. Sehemu yetu ni kubwa, mambo ya ndani tutayapanga wenyewe nyumbani. Wakasaini, wakapeana mikono.

Nilitaka kupiga kelele. Sasa mpishi atampigia nani kelele? Wale watatu wakaja mezani, wakala migebuka iliyopoa kwa furaha, wakaongeza ugali. Niliwapakulia, niliwapenda, na niliwaonea wivu mpaka kifua kikaniuma.

Hayo ya nyumbani hayajapangwa mpaka leo.

Ziwa lilipofungwa nikaenda kumwona baba. Nilimkuta ufukweni, amekaa juu ya mtumbwi wake uliopinduliwa kwenye mchanga. Upande wa pili wa mpaka, karibu kiasi cha kuitana, wazee wa Kirundi walikuwa majini na ndoano zao. Anawafahamu, wamesalimiana humo majini tangu ujana wao.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akawaelekezea kidevu. "Hebu niambie wewe unayekaa na wakubwa. Wale wana nini ambacho sisi hatuna?"

Nikakaa naye, nikamsimulia yote: mkutano, wale watatu, mikono iliyokunjwa, mwenyekiti alivyonituma na nilivyomgeuka. Alicheka mpaka akakohoa. Nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

"Safi sana!" akasema. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni."

Kisha akawatazama tena wenzake kule majini.

"Na wa kwetu je?"

Nilitafuta namna ya kulisema lisimuumize, nikaikosa.

"Wa kwetu walikula, baba."